Kazi ya Kupanda na Kazi ya Kushuka: Siku Moja Ukingoni mwa Rondo

Mwanafunzi wa fizikia akiulizwa lipi lina kazi zaidi, kupanda mlima au kuushuka, hujibu bila kusita kwamba ni kupanda. Mwalimu wake humpa alama zake zote, kwa kuwa apandaye hufanya kazi dhidi ya kani ya mvutano wa dunia, ilhali ashukaye husaidiwa na kani hiyo hiyo. Hata mimi nimelifundisha jambo hilo kwa miaka mingi, na wala silikani leo. Nataka tu kuonyesha katika makala haya kwamba jibu lililo sahihi ubaoni laweza kumponza mtu njiani, kama lilivyotuponza sisi siku moja ya mwezi wa Desemba tulipopanda ukingo wa Rondo, watu watano wa ukoo mmoja: mke wangu, kaka yangu mkubwa, mwanangu wa kiume wa kidato cha tatu, binti yangu wa darasa la tano, na mimi mwenyewe.

Tulikuwa Rutamba, magharibi ya mji wa Lindi, nyumbani kwa kaka, ambaye ni mkulima wa korosho na ufuta. Kutoka hapo ukizidi kuelekea bara unaufikia uwanda wa Rondo. Msomaji asiyepata kufika huko asifikirie kilele chenye ncha. Rondo ni kama meza: juu pametandaa, na kando ni ukingo mkali wenye makorongo. Mto Lukuledi umepita kusini yake na kuutenga na uwanda mwenzake wa Makonde. Sehemu za juu kabisa za Rondo hukaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho mtu wa Moshi au Mbeya angekicheka. Nami, niliyepata shahada yangu ya udaktari Uingereza na kujizoeza kutembea katika milima ya huko siku za mapumziko, nilikicheka pia. Ndiyo sababu sikujiandaa ipasavyo.

Hesabu yangu ya safari ilikuwa hii. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, aliandika kanuni ambayo wapanda milima wengi huitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu, kanuni hiyo yasema: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia tuliyoichagua ilikuwa na urefu wa kilomita 6 hivi, na tofauti ya kimo kati ya chini na juu ilikuwa karibu mita 500. Kilomita 6 ni saa moja na dakika 12. Mita 500 ni dakika 50. Jumla yake ni saa mbili na ushei. Kurudi, kwa kuwa kanuni haiongezi kitu kwa kushuka, niliweka saa moja na robo. Nilimsomea kaka hesabu hiyo usiku, kwa mwanga wa taa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na huyu mtoto umemhesabu wapi?”

Hakuwa amehesabiwa, wala jua halikuhesabiwa. Naismith alikuwa akiandika kwa ajili ya watu wazima wenye afya, tena katika nchi ambayo hatari ya mlimani ni baridi na ukungu. Zaidi ya hayo, gurudumu la gari letu lilipasuka kabla hatujafika chini ya ukingo, nasi tukaanza kupanda saa 2 asubuhi badala ya saa 12. Tulifika juu saa 5.

Tuitazame sasa ile kazi ya kupanda. Tuchukulie mtu mwenye uzito wa kilo 60. Ili aunyanyue mwili wake mita 500, atahitaji kazi ya 60 × 9.8 × 500, yaani juli 294,000, au kilojuli 294. Lakini msuli wa binadamu si mashine iliyo kamili. Katika kila sehemu nne za nishati inazozitoa kwenye chakula, misuli hugeuza karibu sehemu moja tu kuwa kazi; sehemu tatu zilizobaki hugeuka joto. Kwa hiyo mtu wetu atatumia karibu kilojuli 1,180, na katika hizo karibu kilojuli 880 zitakuwa joto linalotafuta njia ya kutoka mwilini. Njia kuu, hewa inapokuwa ya vuguvugu, ni jasho. Kila lita ya jasho inayogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua takribani kilojuli 2,400. Gawanya 880 kwa 2,400: utapata zaidi ya thuluthi moja ya lita. Maji hayo ni ya kujinyanyua tu. Bado hatujaingiza mwendo wenyewe, mzigo wa mgongoni, na joto la jua linaloipiga ngozi.

Mwanafunzi ashike neno moja hapa: jasho linalogeuka mvuke. Jasho linalodondoka chini halipozi mtu. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, kama ilivyo pwani yetu wakati wa masika na majira ya joto, mvuke hupata shida kuondoka kwenye ngozi. Mtu hulowa chapachapa na bado joto linabaki ndani yake. Kwa sababu hiyo nyuzi 32 za sentigredi huko Dodoma si sawa na nyuzi 32 za Lindi.

Huko juu palipendeza. Upepo ulivuma, na kipimajoto kilichoning’inizwa kivulini kilisoma nyuzi 25. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mita zetu 500 zilitupunguzia nyuzi 3 hivi. Zilizobaki zilikuwa kazi ya upepo na miti. Binti yangu alivaa sweta. Msomaji aikumbuke sweta hiyo.

Mwanangu alikuja na chupa tupu ya plastiki. Aliifungua juu, akaipunga hewani, akaifunga kwa nguvu, na kuiweka mfukoni mwa mkoba. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na jaribio la heshima zaidi. Nilitaka watoto waone kwa macho yao kwamba maji huchemka kwenye jotoridi dogo zaidi mlimani. Nikawasha moto, nikaweka sufuria, nikamimina lita moja na nusu ya maji. Yalipochemka, kipimajoto kilisoma nyuzi 97 badala ya 100. Ndivyo itakiwavyo: kanieneo ya hewa hupungua kadiri tunavyopanda, mvuke hupata upinzani mdogo, na kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Nilifurahi sana. Nikarudia mara ya pili ili kuhakikisha, na maji yakazidi kupungua. Yaliyosalia yalikuwa na majivu na majani, nikayamwaga. Kaka alikuwa ameketi juu ya gogo akinitazama. Akasema, “Mdogo wangu, maji hayo utayatafuta jioni.”

Hapa inanipasa kueleza jambo la Rondo ambalo kila mkazi wake analijua nami nililipuuza. Tabaka la juu la uwanda huu ni mchanga na mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha haikai juu. Hupenya mara moja na kuzama ndani kabisa, mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha hutembea chini kwa chini na kutokeza kwenye chemchemi za mabondeni. Matokeo yake ni kinyume cha anavyotazamia mgeni: juu penye mvua nyingi na msitu wa kijani hamna kijito cha kunywa, na chini penye jua kali ndiko kuliko na maji. Jirani zao wa uwanda wa Makonde wana tabu hiyo hiyo, na kwa miaka mingi walishuka mabondeni kuteka maji, hadi miradi ya kuyasukuma kwa mashine ilipoanzishwa. Kwa hiyo apandaye Rondo hana budi kubeba maji ya kupanda na ya kushuka pia. Sisi tulikuwa na lita 8 asubuhi. Tulikunywa 3 tukipanda; 1 na nusu niliichemsha; 2 na nusu tulizinywa wakati wa chakula. Tulianza kushuka tukiwa watu watano wenye lita 1.

Ilikuwa saa 7 kasoro robo. Kabla ya hapo mwanangu alikuwa amesimamisha fimbo ya mita 1, na kivuli kifupi kabisa alichokipata kilikuwa sentimita 24, karibu saa 6 na dakika 23. Walimu wa jiografia wanaweza kulitumia jambo hili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, lakini sehemu za Lindi ziko karibu na nyuzi 39 na theluthi, ndiyo maana jua huchelewa kufika juu kabisa kwa dakika zipatazo 23. Joto kali la hewa nalo huchelewa zaidi ya hapo, kwa kuwa ardhi hupata moto kwanza na ndipo huipasha hewa. Saa 8 na saa 9 alasiri ndizo saa za joto kuu. Kwa maneno mengine, tulikuwa tunaondoka penye baridi kuelekea penye joto, katika wakati ambao joto lenyewe lilikuwa linapanda kuja kutulaki.

Na ile nishati tuliyoipandisha? Kilojuli 294 za mtu wa kilo 60 hazikupotea; zilikuwa zimehifadhiwa kama nishati ya kimo. Jiwe likiporomoka, nishati hiyo hugeuka mwendo. Mtu hataki kuporomoka. Kwa kila hatua hujizuia. Misuli ya mapaja huufanyia mwili kazi ya breki, na breki, kama ajuavyo dereva yeyote aliyeteremka Sekenke, hupata moto. Kilojuli zote 294 hugeuka joto mwilini, pamoja na lile joto ambalo misuli huzalisha kwa kufanya kazi. Moyo huenda polepole zaidi kuliko wakati wa kupanda, pumzi haikatiki, na mtu hudhani anapumzika. Huo ndio mtego wake.

Binti yangu ni msemaji. Toka asubuhi alikuwa ameuliza habari za kila mdudu. Tulipokuwa tumeshuka zaidi ya nusu, tukatoka kwenye kivuli cha miti na kuingia kwenye mashamba yaliyo wazi, nikatambua kuwa kwa muda mrefu sikuwa nimesikia sauti yake. Mama yake ndiye aliyegeuka. Mtoto alikuwa amesimama, uso umekuwa mwekundu, mikono imelegea, na ile sweta bado i mwilini. “Mama, kichwa kinaniuma,” akasema, kisha akatapika.

Sitaficha kwamba niliogopa. Gari lilikuwa mbali, na chupa ya maji ilikuwa nyepesi. Kaka hakungoja mashauri. Alichukua dumu akashuka mbio kwenye korongo alikojua kuna chemchemi. Mke wangu akamvua mtoto sweta na viatu, akamlaza chini ya mkorosho, miguu juu ya mkoba. Akalowesha ncha ya khanga kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo, akamfuta uso, shingo na kwapa, na kumpepea kwa ncha nyingine. Mimi nilimpa funda moja moja. Baada ya nusu saa kaka akarudi na dumu lililojaa, nasi tukamlowesha mtoto nguo zote na kuendelea kupepea. Mke wangu alikuwa amefunga sukari na chumvi kwa ajili ya mayai na chai. Tukatengeneza mchanganyiko ambao kila mama anapaswa kuujua: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akanywa taratibu. Ilipofika saa 9 na nusu aliuliza kama mkorosho ule ni wa mtu.

Hayo yaitwa uchovu wa joto. Damu huelekezwa kwa wingi kwenye ngozi ili ipoe, maji ya mwili yamepungua kwa jasho, na ubongo na tumbo hupata damu pungufu. Ndipo huja kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mgonjwa akipumzishwa kivulini, akapozwa na kunyweshwa, kwa kawaida hupata nafuu katika muda wa saa moja. Kuna hatua nyingine iliyo mbaya mno, nayo ni kiharusi cha joto: joto la mwili hupita nyuzi 40, mtu huanza kuweweseka, huyumba kama mlevi, au huzimia. Huyo asinyweshwe kitu ikiwa hana fahamu timamu. Apozwe papo hapo kwa maji mengi kadiri yapatikanavyo, na apelekwe hospitali upesi, maana asipopozwa mapema hufa.

Kwa nini mtoto, na si mmoja wetu? Sababu moja ni sweta, ambayo ilizuia jasho kugeuka mvuke. Sababu nyingine ni hatua zake: mguu mfupi hupiga hatua nyingi zaidi kwa njia ile ile, na kwa kila kilo ya uzito wake mtoto hutumia nishati nyingi kuliko mtu mzima. Sababu ya tatu ni ya jometri. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1: eneo la nyuso zake ni 6, ujazo wake ni 1. Chukua mwingine wa sentimita 2: eneo ni 24, ujazo ni 8. Mdogo ana eneo 6 kwa kila kipimo kimoja cha ujazo, mkubwa ana 3 tu. Vivyo hivyo mtoto wa kilo 30 ana ngozi zaidi kwa karibu asilimia 30, kwa kila kilo yake, kuliko mtu mzima wa kilo 60. Kivulini ngozi hiyo humsaidia kupoa. Juani, juu ya mchanga uliopata moto, humwingizia joto.

Kanuni hiyo ya mchemraba haimhusu binadamu peke yake. Katika msitu wa Rondo, na pia katika msitu wa Litipo ulio jirani kabisa na Rutamba, anaishi mnyama aitwaye komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Wataalamu walimtambua rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 1997, na sasa yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa sababu misitu michache ya pwani anamoishi imekatwa mno. Mivule ya Rondo yenyewe ilivunwa kwa wingi katikati ya karne iliyopita. Mnyama mdogo hivyo hupoteza joto upesi, kwa hiyo hana budi kula mara kwa mara wadudu na matunda. Hatukumwona, kwa kuwa hutoka usiku. Lakini kila aliyetembea kutoka kwenye kivuli chake na kuingia shambani saa 8 mchana anajua kwa ngozi yake thamani ya msitu ule.

Tulifika kwenye gari saa 11 jioni. Siku ya pili yake sikuweza kukaa kitini bila kushika meza, na siku ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Maumivu hayo nayo ni ya kushuka. Msuli unaofanya kazi ya breki huvutwa huku unajikaza, na nyuzinyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Uvimbe na maumivu hufika kilele baada ya siku moja hadi tatu, kisha hupona na msuli huwa imara zaidi. Kaka, ambaye hushuka na kupanda mabonde kila siku ya Mungu, hakuumwa kitu.

Lile jaribio la chupa nusura lisahauliwe. Mwanangu aliitoa mkobani tulipofika nyumbani Rutamba. Ilikuwa imebonyea ubavuni kama iliyominywa na mkono usioonekana. Hewa iliyofungiwa juu ilikuwa na kanieneo ndogo kuliko hewa ya chini kwa karibu asilimia 6, na hewa ya chini iliikandamiza. Nilikiri mbele ya wote kwamba jaribio lake lilikuwa bora kuliko langu: lilieleza kanuni ile ile ya kanieneo, na halikutumia hata tone la maji.

Tulirudi Rondo mwezi wa Julai uliofuata. Kaka ndiye aliyepanga safari. Tulianza kupanda saa 12 asubuhi, kwa mwendo wa binti yangu, naye akitangulia. Nusu ya njia tuliacha dumu la lita 5 chini ya kichaka, kwa ajili ya kurudi. Saa 4 na nusu tulikuwa tayari tunashuka, na tulipolifikia dumu lile lilikuwa bado la baridi.